Kama moto wa Jua uko kwenye kiini, mbona korona ina moto kuliko uso?

#1 Mzee_wa_Ampea
Wakuu, salaam. Nina dai, naomba lijibiwe kwa namba.

Tunafundishwa kwamba nguvu ya Jua inatoka kwenye kiini: hidrojeni inageuka heli, joto linapanda hadi usoni, mwanga unatoka. Kiini kina kelvini milioni 15 na ushee, uso una 5,770. Hadi hapo jotoridi linashuka kadiri unavyotoka nje, kama inavyotakiwa. Sasa inuka juu ya uso kilomita elfu mbili tatu hivi, hadi kwenye korona, tabaka la nje la Jua. Jotoridi linaruka hadi milioni moja, milioni mbili, na juu ya madoa ya jua linazidi hapo. Joto haliendi lenyewe kutoka kwenye ubaridi kwenda kwenye moto. Hiyo ni kanuni ya pili ya themodinamiki, haina msamaha.

Dai langu: Jua linalishwa kwa mkondo wa umeme kutoka nje, ndiyo maana tabaka la nje ndilo lenye moto zaidi. Na nyutrino (chembe nyepesi mno zinazozaliwa viini vya atomu vikiungana) zilizotarajiwa kutoka kwenye kiini zilipohesabiwa ilipatikana theluthi moja tu. Mbili zilizobaki ziko wapi?

#2 Mdadisi_wa_Viini
Mkuu, hiyo theluthi ni habari ya kabla ya 2001. Ni kipimo cha Raymond Davis katika mgodi wa Homestake, South Dakota: tangi la tani 615 za tetrakloroethilini, karibu mita 1,480 chini ya ardhi. Nyutrino ikigonga klorini-37 inaigeuza argoni-37. Davis alipitisha gesi ya heli ndani ya tangi kuisomba argoni hiyo, kisha akahesabu inavyooza. Kwa wastani ilizalishwa nusu atomu kwa siku. Ni kazi ya mikono safi mno, na kipimo chake kilikuwa sahihi.

Ila klorini inaona nyutrino za elektroni peke yake, na nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini. Huko Sudbury, Kanada, mtambo wa SNO ulitumia tani 1,000 za maji mazito kwa sababu deuteri inatoa mwitikio wa namna mbili: mmoja kwa aina ya elektroni tu, mwingine kwa aina zote tatu. Matokeo ya 2002: za elektroni milioni 1.76 kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde, jumla ya zote milioni 5.09. Modeli ya Jua ilikuwa imetabiri milioni 5.05.

Nakurudishia swali. Kama Jua linawashwa na umeme wa nje, nyutrino hizo zinazalishwa na nini, tena kwa kiasi kilekile?

#3 Mzee_wa_Ampea
Hizo ni za boroni-8, tawi moja dogo tu la miitikio ya kiini. Nyutrino zote zinazotufikia ni takriban bilioni 65 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Milioni tano ni sehemu moja ya elfu kumi na kitu. Umepima sehemu hiyo ukajumlisha zilizobaki kwa imani.

#4 Mdadisi_wa_Viini
Zilizobaki nazo zimepimwa. Mtambo wa Borexino, chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, ilipima za berili-7, mwaka 2014 ikapima zile za hatua ya kwanza kabisa ya protoni mbili, na 2020 ikatangaza zile za mzunguko wa kaboni, nitrojeni na oksijeni. Kwa hiyo hatua kubwa za myeyungano (kuungana kwa viini) zimesikika moja moja.

Hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu sana kuipata. Ndani ya kimiminika kuna bismuthi-210, ambayo mng'aro wake unafanana na wa nyutrino zinazotafutwa. Unaweza kukadiria kiasi chake kupitia poloni-210, mradi kimiminika kimetulia. Tofauti ndogo ya jotoridi kati ya juu na chini ya tangi inakisukuma kuzunguka, poloni inasombwa kutoka kwenye kuta, hesabu inaharibika. Wakalifunika tangi zima kwa pamba ya mwamba yenye unene wa sentimita 20, ndipo likatulia.

#5 Bi_Mkokotoo
Kabla hamjabishana nani analipa, jueni deni, yaani nguvu inayotoka kwenye Jua, ni kiasi gani. Linapimika nyumbani.

Chukua chombo cha bati chenye uso wa sentimita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 0.05. Paka uso huo rangi nyeusi isiyong'aa, zungushia povu nyuma na pembeni, tia lita moja ya maji. Kielekeze Jua moja kwa moja karibu na saa sita mchana, anga likiwa wazi. Ukipata wati 900 kwa mita ya mraba na rangi ikanyonya asilimia 90, maji yanapokea wati 40 hivi, nayo yatapanda karibu nyuzi 0.6 kila dakika. Koroga kabla ya kila kipimo. Kosa la kawaida ni kuanza na maji yenye joto la hewa: yakishapanda yanapoteza joto na jibu linatoka dogo. Anza nyuzi tatu chini ya hewa, maliza nyuzi tatu juu yake, hasara na faida zifutane.

Juu ya angahewa thamani ni wati 1,361. Zidisha kwa eneo la tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita milioni 150: wati 3.8 × 10²⁶. Sasa jaribu vyanzo. Jua lote likiwa makaa ya mawe, miaka 5,000 hivi na limekwisha. Likijikunja kwa uzito wake, kama alivyoshikilia Lord Kelvin, miaka milioni 30 hivi. Miamba ya Dunia na vimondo vinasema miaka bilioni 4.6. Hidrojeni ikigeuka heli inapoteza asilimia 0.7 ya uzito wake kama nishati, na sehemu ya kumi tu ya Jua ikipita njia hiyo inatosha miaka bilioni 10.

#6 Nahodha_wa_Pwani
Dada Bi_Mkokotoo, ongeza uzito wa chombo chenyewe. Alumini inachukua karibu joule 900 kwa kilo kwa nyuzi moja. Chombo cha nusu kilo kinakula sehemu ya kumi ya joto lako. Vinginevyo jibu litapungua hata ukifuata hatua zote.

Swali langu kwa Mdadisi: kelvini milioni 15 zinatoshaje kuunganisha viini? Protoni zinasukumana. Kwa jotoridi hilo kila moja ina nishati ya keV (elektronivolti elfu) moja na kitu, na ukuta kati yao uko kwenye kiwango cha MeV (elektronivolti milioni). Ni pungufu karibu mara elfu.

#7 Mdadisi_wa_Viini
Haziruki ukuta, zinaupenya. George Gamow alionyesha upenyo wa kikwanta mwaka 1928, Atkinson na Houtermans wakautumia kwa nyota mwaka uliofuata, Hans Bethe akazipanga hatua zenyewe mwishoni mwa miaka ya 1930.

Protoni mbili zinapokutana, moja lazima igeuke nyutroni papo hapo kwa nguvu hafifu ya nyuklia, itoe positroni na nyutrino. Hili ni adimu kiasi kwamba protoni moja kwenye kiini husubiri kwa wastani miaka kama bilioni 10. Ikishapatikana deuteri, ndani ya sekunde chache inanyakua protoni nyingine na kuwa heli-3. Heli-3 mbili zikikutana zinatoa heli-4 na kurudisha protoni mbili. Kila heli-4 moja inaachia MeV 26.7.

Kwa sababu ya uadimu huo kiini kinatoa wati 280 hivi tu kwa mita ya ujazo katikati kabisa, kadiri ya lundo la samadi linalooza. Ukubwa wa Jua ndio unaofanya jumla iwe ya kutisha. Na halilipuki kwa kuwa linajidhibiti: kiini kikipata moto zaidi kinatanuka, kikitanuka kinapoa, kasi inashuka.

#8 Mkaa_Kileleni
Bethe aliamini mzunguko wa kaboni ndio mkuu kwenye Jua, tusimpe sifa isiyo yake hapo. Leo tunajua mzunguko huo unatoa kama asilimia 1 tu. Unakuwa mkuu kwa nyota nzito kuliko Jua, maana kasi yake inapanda vikali mno na jotoridi.

Turudi kwenye hoja ya #1, maana mmemjibu nusu. Korona imebaki.

#9 Mzee_wa_Ampea
Asante Mkaa. Kiini wamekitetea vizuri, lakini korona ndiyo kichwa cha uzi.

#10 Mistari_ya_Spektra
Nianze na namna jotoridi hilo linavyojulikana, kwa sababu hakuna aliyetumbukiza kipimajoto.

Katika kupatwa kwa Jua mwaka 1869, Charles Young na William Harkness waliona mstari wa kijani, nanomita 530.3, usiofanana na elementi yoyote. Ukabuniwa jina, koroniamu. Mpaka Walter Grotrian na Bengt Edlén, kati ya 1939 na miaka ya mwanzo ya 1940, wakaonyesha kwamba ni chuma kilichopoteza elektroni 13. Kuing'oa chuma elektroni 13 kunahitaji kelvini milioni na zaidi.

Ushahidi wa pili ni urefu wa korona. Gesi ya nyuzi za usoni ingepungua kwa haraka kila kilomita 150 hivi. Korona inapungua kila kilomita 75,000 kwa milioni moja na nusu. Wa tatu: mwanga wa Jua unaotawanywa na elektroni za korona umepoteza mistari myeusi ya Fraunhofer, kwa sababu elektroni zinakimbia kilomita 8,000 kwa sekunde na mistari inafutika. Wa nne: redio ya mawimbi ya mita inaona Jua kama kitu cha kelvini milioni. Njia nne, jibu moja.

#11 Bi_Mkokotoo
Na kanuni ya pili haivunjwi, Mzee wa Ampea. Inakataza joto kutiririka lenyewe kwenda kwenye moto zaidi. Haikatazi kazi kufanyika huko. Chini ya uso gesi inachemka na kuzunguka, inaburuza mizizi ya uga wa sumaku, na mistari ya sumaku inapeleka kazi hiyo juu.

Tena kiasi ni kidogo. Usoni zinapita wati milioni 63 kwa mita ya mraba. Korona tulivu inahitaji 300 hivi, mashimo ya korona (sehemu ambazo mistari ya sumaku iko wazi kuelekea nje) kama 800, maeneo yenye madoa kama 10,000. Hata hayo makali ni chini ya asilimia 0.02. Korona ni nyembamba mno: elektroni milioni mia hadi bilioni kwa sentimita ya ujazo, wakati usoni chembe ni mara milioni mia na zaidi.

#12 Nahodha_wa_Pwani
Hapo ndipo umeme wa nje unapozama. Upepo wa jua unatoka kila upande, protoni na elektroni pamoja, kilomita 400 kwa sekunde au zaidi, na vyombo vimeuhesabu tangu miaka ya 1960. Unabeba kama kilo bilioni moja na nusu kwa sekunde. Ukijumlisha mwendo wake na kazi ya kuuvuta kutoka kwenye uzito wa Jua, unapata kama wati 4 × 10²⁰: sehemu moja ya milioni ya mwanga wa Jua, nayo inakwenda nje. Mkondo wa kuingia wenye nguvu mara milioni ya huo upite wapi bila chombo hata kimoja kuugusa?

#13 Mzee_wa_Ampea
Nimewasikia kuhusu kiasi. Lakini semeni basi kazi hiyo inageukaje joto. "Sumaku inapeleka" si maelezo. Plazma (gesi iliyogawanyika kuwa ayoni na elektroni) ya milioni moja inapitisha umeme karibu bila ukinzani. Bila ukinzani hakuna joto. Fundi yeyote wa umeme anajua hilo.

#14 Wimbi_Refu
Swali zuri kuliko dai la mwanzo! Jibu langu ni mawimbi.

La kwanza kufikiriwa lilikuwa sauti: Biermann 1946 na Schwarzschild 1948 walisema kelele ya gesi inayochemka inapanda na kuvunjika kuwa mshtuko. Setilaiti ya OSO-8, iliyorushwa 1975, ikaonyesha sauti inaisha kwenye kromosfia, tabaka lililo kati ya uso na korona. Kiasi kinachofika juu ni kidogo mno. Yakabaki mawimbi ya Alfvén, ambayo Hannes Alfvén aliyatabiri 1942: mistari ya sumaku inatikisika kama nyuzi, plazma imeng'ang'ania humo. Mwaka 2007 setilaiti ya Hinode iliona miiba ya kromosfia ikiyumba kwa kilomita 20 hivi kwa sekunde. Mwaka 2011 picha za SDO, setilaiti ya NASA inayotazama Jua, zilitoa wati 100 hadi 200 kwa mita ya mraba kwenye korona tulivu na mashimo ya korona. Karibu na deni alilotaja Bi_Mkokotoo.

Ukinzani mdogo unashindwa kwa kutengeneza vipimo vidogo. Mistari jirani ina kasi tofauti, mawimbi yake yanapishana hatua, tofauti kati ya uzi na uzi inakuwa kali. Mengine yanarudishwa na msongamano unaobadilika, yanagongana na yanayopanda, inakuwa mvurugo. Mvurugo unapasua mawimbi makubwa kuwa madogo hadi ayoni zinayameza.

#15 Kamba_na_Suka
Wimbi, wati 200 haziwashi eneo la wati 10,000. Umelipa upande rahisi.

Eugene Parker alitoa njia nyingine, 1972 na kwa ukamilifu zaidi 1988. Chembechembe za usoni zina upana wa kilomita 1,000 hivi na zinaishi kama dakika kumi, zikisogeza mizizi ya sumaku polepole. Polepole kuliko muda wa wimbi kupita kwenye tao la mistari ya sumaku, kwa hiyo tao halitikisiki, linasukwa. Hesabu yake: uga wa gausi 100, mwendo wa nusu kilomita kwa sekunde, msokoto wa nyuzi 14 hivi, unapata wati 10,000 kamili. Msuko ukizidi, tabaka jembamba la mkondo linakatika, mistari inaungana upya, nishati inaachiwa. Kila tukio kama joule 10¹⁷, ilhali mlipuko mkubwa wa jua unafika 10²⁵. Mwaka 2012 roketi ya Hi-C ilipiga picha ya misuko hiyo wakati wa safari ya dakika chache tu.

#16 Mistari_ya_Spektra
Kamba, misuko ya Hi-C ilionekana sehemu chache za picha, usiitandaze Jua zima. Na milipuko midogo ina mtihani wake: hesabu ya matukio dhidi ya nishati. Kadiri nishati inavyopungua idadi inapanda kwa kipeo fulani. Kipeo kikizidi 2, vidogo ndivyo vinavyobeba jumla. Kikiwa chini, vikubwa ndivyo vinavyobeba, na vikubwa havitoshi. Waliopima wamepata kuanzia 1.5 hivi hadi juu ya 2, kutegemea namna walivyochagua tukio liishie wapi.

#17 Mkaa_Kileleni
Msisahau chombo cha Solar Orbiter. Mei 2020 iliona vimoto vidogo, kilomita 400 hadi 4,000, vya sekunde 10 hadi 200, vyenye zaidi ya milioni moja, tena kwenye Jua tulivu. Na kuna miiba ya aina ya pili inayopanda kutoka kromosfia. Wapo wanaosema gesi inapata moto huko chini ndipo inarushwa juu, kwa hiyo tunatafuta mahali pasipo penyewe.

#18 Pete_ya_Rujewa
Samahani kuingilia. Hii korona si ndiyo ile pete iliyoonekana Rujewa, Mbeya, 1 Septemba 2016?

#19 Nahodha_wa_Pwani
Hapana ndugu. Ile ilikuwa kupatwa kwa pete: Mwezi ulikuwa mbali, haukufunika Jua lote, na pete ile ilikuwa uso wenyewe. Korona inang'aa kama sehemu moja ya milioni ya uso, kwa hiyo ukingo mwembamba tu unaimeza. Iliyoonyesha korona ukanda wetu ni ya 3 Novemba 2013, Pakwach, Uganda, kwa sekunde chache.

Inayokuja karibu na kwetu ni ya 2 Agosti 2027. Kivuli kamili kinapita Luxor kwa zaidi ya dakika 6, Jeddah kama dakika 6, Makka zaidi ya dakika 5, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Ndugu zetu walioko Hijazi wajiandae. Afrika Mashariki itaona sehemu tu, na kupatwa kwa sehemu hakuonyeshi korona hata kidogo. Miwani yenye kiwango cha ISO 12312-2 au kioo cha kuchomelea namba 14 muda wote wa sehemu. Kwenye giza kamili tu ndipo unavua. Filamu ya eksirei, CD na miwani ya kawaida havizuii mionzi ya infraredi.

#20 Mistari_ya_Spektra
Watakaofika Jeddah na kamera: wekeni wavu wa kutawanya rangi za mwanga, wa mistari 300 au 600 kwa milimita, mbele ya lenzi, lenga mapema, funga fokasi kwa mkono. Giza likianza mtaona matao mekundu ya hidrojeni ya kromosfia, kisha pete hafifu ya kijani. Hiyo ya kijani ndiyo 530.3, chuma cha Edlén. Kosa kubwa ni kuacha kamera ichague mwangaza yenyewe, itaunguza picha. Piga mfululizo wa muda tofauti, kuanzia 1/500 hadi sekunde moja.

#21 Malindi_Kwetu
Kwa kuwa mmegusa kwetu: setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka kituo cha San Marco, karibu na Malindi, 12 Desemba 1970, kuchunguza eksirei za Jua.

#22 Mkaa_Kileleni
Tarehe ni sahihi, kazi siyo. Uhuru ilikagua vyanzo vya eksirei nje ya mfumo wa Jua. Eksirei za Jua zilikuwa zimegunduliwa zamani kwa roketi. Herbert Friedman alizipima 1949 kwa V-2.

#23 Wimbi_Refu
Turudi. Kamba_na_Suka, nieleze jambo moja. Chombo cha UVCS ndani ya setilaiti ya SOHO kilipima ayoni za oksijeni juu ya mashimo ya korona zikiwa na zaidi ya milioni 100, kwa upande wa kukata uga, wakati protoni zina milioni chache na elektroni ziko chini zaidi. Msuko ukikatika utawezaje kuchagua oksijeni? Wimbi linalozunguka kwa kasi ya mzunguko wa ayoni linachagua, hiyo ni asili yake.

#24 Kamba_na_Suka
Hayo ni mashimo, mistari iko wazi, hakuna tao la kusuka. Ninadai maeneo yenye madoa. Huko roketi ya EUNIS ya 2013 iliona chuma kilichopoteza elektroni 18, dalili ya karibu milioni 9, bila mlipuko mkubwa. Plazma ya namna hiyo ni alama ya kupashwa ghafla na kupoa. Wimbi lako linapasha taratibu.

#25 Wimbi_Refu
Wimbi nalo linaweza kuja kwa vishindo, chanzo chake hakitulii. Na chombo cha Parker Solar Probe, kilichopita kilomita milioni 6.1 kutoka usoni 24 Desemba 2024, kimekuta mikunjo ya uga inayorudi nyuma, mizito kwa nishati ya Alfvén.

#26 Kamba_na_Suka
Mikunjo hiyohiyo wengine wanasema inazaliwa na mistari inayoungana upya chini kabisa. Yaani muungano wangu ndio uliozaa wimbi lako.

#27 Mzee_wa_Ampea
Tabaka la mkondo linalokatika ni umeme, wakuu. Chanzo mmekirudisha ndani, lakini kinachochoma korona kwa hesabu ya Kamba ni ampea. Hilo nalishika. Nataka kuona mwenyewe hiyo plazma ya milioni nyingi kwenye picha za SDO. Nianzie kanali (kichujio cha mawimbi) ipi?

#28 Mistari_ya_Spektra
Picha ziko wazi kwa wote, pikseli 4,096 kwa 4,096, kila sekunde 12. Rangi ni za kupakwa. Kanali ya 304 ni heli, kelvini 50,000 hivi. 171 ni chuma cha laki saba hivi, 193 milioni moja na nusu, 211 milioni mbili. Unayoitaka ni 94, chuma kilichopoteza elektroni 17, milioni 6 hadi 7. Tahadhari: 94 inapitisha pia mistari ya chuma cha milioni moja, na kwenye eneo tulivu karibu yote unayoiona ni hiyo. Chukua picha za 171 na 193 za sekunde zilezile, zilinganishe pikseli kwa pikseli, kadiria mchango wao, uutoe. Kinachobaki katikati ya eneo lenye madoa ndicho cha kubishania.

#29 Bi_Mkokotoo
Na ugawe kwanza kila picha kwa muda wake wa kufichuliwa. Kwenye mlipuko chombo kinafupisha muda chenyewe, na ukiliruka hilo utaona korona "inapoa" wakati inawaka.